Wasomaji Wanauliza: Kupima Afya ya Matumbawe, Nyasi Bahari na Maji ya Pwani

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa vikundi vinavyojipimia bahari yao wenyewe. Wameshika tepu, fremu na chupa, wamepata namba, na sasa wanauliza namba hizo zinasema nini. Tumechagua barua nane. Utaona kuna jambo tunalolirudia karibu katika kila jibu: namba mbili hulinganishwa pale tu zilipopatikana kwa njia moja, mahali pamoja na katika hali moja ya maji.

*Ndugu wahariri, kikundi chetu kina watu tisa na tunataka kufuatilia nyasi bahari zilizo mbele ya ufuo wetu. Tuanzie wapi, na tupime mara ngapi kwa mwaka? (Katibu wa kikundi)*

Ndugu Katibu, anzeni na eneo moja mtakaloweza kulirudia kwa miaka, msichukue matano mkayatembelea mara moja tu. Tafuteni sehemu ambayo nyasi zake zinafanana kuanzia mwanzo hadi mwisho, isiyokatwa na mkondo wa maji.

Utaratibu unaotumika sana kwa nyasi zinazofikiwa kwa miguu maji yakipwa ni ule wa Seagrass-Watch, ulioanza Australia mwaka 1998. Mnanyoosha mistari mitatu ya mita 50 kutoka upande wa ufuo kuelekea baharini, kila mstari ukiwa mita 25 kutoka kwa mwenzake. Kila baada ya mita 5 mnaweka fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50. Mkianza kwenye sifuri na kumalizia kwenye 50 mtapata fremu 11 kwa mstari, jumla 33. Fremu ziwekwe kulia kwa tepu na watu watembee kushoto, la sivyo mtaishia kupima nyayo zenu wenyewe.

Fremu inatengenezwa kwa bomba jembamba la plastiki. Toboeni matundu ili maji yaingie ndani yake isielee. Sentimita 50 hizo ni za ndani ya fremu. Mkipima kwa nje na bomba lina unene wa sentimita 2, ndani mtabaki na 46 kwa 46, yaani sentimita za mraba 2,116 badala ya 2,500. Asilimia ya uoto haitaathirika sana, lakini siku mtakayohesabu machipukizi na kuzidisha kwa 4 ili kupata idadi kwa mita ya mraba, hesabu yenu itapungua kwa karibu asilimia 15 na hakuna atakayejua kwa nini.

Kwenye kila fremu, piga picha kwanza kabla mkono haujagusa kitu. Kisha chomeka vidole kwenye mchanga uandike kama ni mchanga mnene, laini au tope. Ndipo ukadirie asilimia ya nyasi, mgawanyo wa aina zake, urefu wa majani, na mwisho mwani. Urefu hupimwa kwa majani matatu hadi matano ya aina iliyotawala, ukiacha yale marefu kupita mengine, takriban moja ya tano ya juu. Mwani uliolala chini uandikwe peke yake, na utando unaoota juu ya majani uandikwe peke yake, kwa sababu utando ukiongezeka msimu hadi msimu mara nyingi ni dalili kwamba maji yanapokea mbolea au maji taka.

Vikundi vingi hukosea katika mambo mawili. La kwanza ni kutegemea GPS ya simu kurudi mahali pale pale. Simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita chache zinatosha kukutoa kwenye nyasi ukaangukia kwenye mchanga mtupu. Pigeni vigingi vya kudumu kwenye miisho ya mistari, na GPS ibaki ya kuwafikisha karibu tu. La pili ni hali ya maji. Yakishapwa kabisa wakati wa bamvua, majani hulala chini na kufunika mchanga. Kukiwa na nusu mita ya maji, majani yale yale husimama na fremu huonekana ina nafasi tele. Nyasi hazijapungua hata jani moja, lakini namba imeshuka. Pimeni kila mara kwenye bamvua, saa ileile kabla au baada ya maji kupwa kabisa.

Mara nne kwa mwaka ni vizuri. Mkishindwa, mbili zinatosha mradi ziwe miezi ileile kila mwaka, maana nyasi bahari zina msimu wa kunenepa na msimu wa kukonda. Atakayelinganisha mwezi wa kunenepa na wa kukonda atatangaza msiba ambao haupo.

*Mimi nilisema asilimia 40, mwenzangu akasema 65, na fremu ni hiyo hiyo moja! Nani yuko sahihi?*

Pengine hakuna. Macho hudanganywa na majani mapana na rangi iliyokoza. Fungeni nyuzi nne kwa upana na nne kwa urefu ndani ya fremu, mpate vijiraba 25. Kila kimoja ni asilimia 4. Sasa kusanyeni kwa mawazo: vijiraba vingapi vingejaa kama majani yote yangesukumwa pamoja? Vikiwa 11, mna asilimia 44.

Kabla ya kila safari fanyeni zoezi kwenye fremu kumi, kila mtu aandike kimya kimya bila kuchungulia, kisha mlinganishe. Mkipishana zaidi ya asilimia 10, zungumzeni mpaka mwelewane, halafu mrudie. Andikeni jina la mkadiriaji kwenye kila karatasi. Picha zihifadhiwe zote, kwa kuwa ndizo zitakazoamua ugomvi miaka mitano baadaye, wakati waliokadiria wameshaondoka.

*Wanafunzi wangu huchanganya aina za nyasi bahari. Kuna njia rahisi ya kuzitambua bila maabara? (Mwalimu wa sekondari)*

Ipo, Mwalimu, nayo ni kuanza na ncha ya jani. Mpe kila mwanafunzi kioo cha kukuzia na jani zima, kwa sababu ncha iliyotafunwa na samaki haisemi chochote. Haya yanahusu nyasi za Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi.

Ncha ikiwa ya duara na laini, na jani limenyooka, shuku Cymodocea rotundata. Ikiwa na vijino kama vya msumeno, ni Cymodocea serrulata. Jani jembamba lenye ncha iliyogawanyika mara tatu kama uma mdogo, na mstari mmoja wa katikati ulio wazi, ni Halodule uninervis. Jani la mviringo kama tambi, linalokatika kwa urahisi, ni Syringodium isoetifolium. Majani mawili mawili yenye umbo la yai juu ya vikonyo vyembamba ni Halophila ovalis, nayo haina haja ya kioo.

Tatizo kubwa liko kati ya Cymodocea rotundata na Thalassia hemprichii. Hapo liinue jani kwenye mwanga. Thalassia ina vistari vifupi vya rangi ya kahawia iliyokoza vilivyotawanyika ndani ya jani, na jani lenyewe limepinda kidogo kama mundu. Kisha fukua kidogo: shina lake la chini ni nene na lina makovu mengi yaliyokaribiana, kama pingili fupi fupi. Ukikuta jani refu kupita mengine yote, pana kama kidole, kingo zake zimejiviringa, na shina la chini limevaa nywele nyeusi ngumu, umefika kwa Enhalus acoroides.

Wanafunzi wang'oe mche mmoja wa kila aina kwa darasa zima, usiwe mmoja kwa kila mwanafunzi. Mgawanyo wa aina ni muhimu kwa sababu Halophila hurudi haraka baada ya misukosuko ilhali Enhalus na Thalassia huchukua muda mrefu. Eneo linaweza kubaki na asilimia 50 ya uoto huku aina za kudumu zikiondoka na za kupita zikiingia, na jumla peke yake haitakuonyesha hilo.

*Nimeona matumbawe meupe kwenye mwamba. Wengine wanasema yamekufa, wengine wanasema joto limeyapausha. Nitajuaje? (Mzamiaji)*

Ndugu Mzamiaji, swali lako ndilo tunaloliona zito kuliko yote, maana weupe una sababu nyingi na kila moja ina hatua yake. Usiandike "kupauka" kabla hujakaribia na kutazama kwa utulivu.

Tumbawe lililopauka bado liko hai. Limepoteza vijimwani vyenye rangi vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulilisha, lakini nyama yenyewe ipo, nyembamba na angavu, ikifunika mifupa. Kaa sentimita 20 mbali nalo, bila kuligusa, utazame shimo moja moja. Kama kingo za mashimo zinaonekana laini, kana kwamba zimepakwa ute, na ndani kuna minyiri midogo, liko hai. Mara nyingi weupe huanzia upande wa juu unaopigwa na jua na kufifia polepole kuelekea pembeni bila mstari wa kukata. Mengine hayawi meupe kabisa; hugeuka ya samawati, waridi au manjano yanayong'aa, na watu huyasifia kwa uzuri wakati yamo taabuni. Tumbawe lililokwisha kufa lina kingo kali za mfupa mtupu, na baada ya siku chache hadi wiki mbili hivi huota utando wa mwani wa kijani au kahawia.

Sasa angalia kama limeliwa. Nyota bahari wa miiba, Acanthaster, huacha kovu jeupe safi lenye mpaka mkali, mara nyingi lenye ukubwa wa mwili wake, sentimita 25 hadi 35. Tazama kando ya kovu: kipande cheupe kabisa, kinafuatiwa na chenye ukijani, kisha cheusi zaidi. Huo ni mlolongo wa milo yake ya siku zilizopita, na mwenyewe huwa amejificha mita chache tu kutoka hapo, chini ya ukingo. Konokono wadogo wa Drupella, wa sentimita 2 hadi 4, hujibanza kwenye mashina ya matumbawe yenye matawi, na weupe wao huanzia chini kupanda juu. Pono hung'ata na mfupa, hivyo huacha michubuko iliyochimbika. Hao wana kazi yao mwambani na hawastahili kulaumiwa.

Yakibaki magonjwa, tafuta mstari. Ugonjwa wa ukanda mweusi huwa na utepe mweusi kati ya nyama hai na mfupa mweupe, na utepe huo husogea. Ili kuthibitisha, weka rula pembeni, piga picha, na urudi baada ya siku 7 upige kwa pembe ileile. Mpaka uliosogea utaonekana wazi kuliko maelezo yoyote.

Kufuatilia rangi kwa namba kuna kadi ya CoralWatch, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, yenye ngazi 1 hadi 6. Kwenye kila tumbawe unaandika rangi hafifu kuliko zote na iliyokoza kuliko zote. Usipime ncha za matawi, kwani ncha zinazokua ni nyeupe kwa asili yake. Pima matumbawe yasiyopungua 20. Wastani ukishuka kwa ngazi 2, hilo ni badiliko la kweli. Nusu ngazi yaweza kuwa ni wingu lililopita. Kwenye kina kirefu tumia tochi, kwa sababu maji humeza rangi nyekundu mapema na kila kitu huonekana cha samawati.

*Mwaka jana matumbawe hai yalikuwa asilimia 30 kwenye mstari wetu wa mtindo wa Reef Check, mwaka huu ni 27. Je, tuwaarifu viongozi kwamba mwamba unakufa?*

Bado. Mmesema mnatumia mtindo wa Reef Check: mita 100 zilizogawanywa vipande vinne vya mita 20, na kati yake mita 5 za kuruka, mkiandika kilicho chini ya tepu kila nusu mita. Hizo ni nukta 40 kwa kipande, 160 kwa jumla. Kwa nukta 160 na asilimia 30, kosa la bahati nasibu peke yake ni karibu asilimia 3.6 kila upande, na ukitaka uhakika wa kawaida, zidisha mara mbili. Kwa hiyo 27 na 30 haziwezi kutenganishwa. Kikweli kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa matumbawe hukaa kwa makundi na nukta jirani mara nyingi huangukia tumbawe moja.

Mkitaka kuona mabadiliko madogo, ongezeni mistari, na ile iliyopo irudiwe juu ya vigingi vilevile. Tumieni pia timazi: chuma kidogo kwenye uzi, kidondoshwe wima kutoka kwenye alama ya tepu, mwandike kilichoguswa. Tepu ikiwa imening'inia nusu mita juu ya mwamba, macho huchagua yenyewe, na kwa kawaida huchagua tumbawe zuri lililo karibu badala ya kifusi.

*Setilaiti zinasema joto limepanda, kipimajoto chetu kinasema la. Tuamini kipi?*

Vyote viwili, maana havipimi kitu kimoja. Setilaiti huona uso wa bahari kwa wastani wa mraba wenye pande za kilomita 5. Kinasa-joto chenu kinaona shimo moja, kwenye kina kimoja.

Tahadhari za kupauka za Coral Reef Watch, mpango wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, huhesabiwa hivi: chukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapo. Joto likizidi wastani huo kwa nyuzi 1 au zaidi, ziada hiyo hujumlishwa kwa wiki 12 zilizopita. Kama wastani ni 29.0 na maji yakakaa 30.5 kwa wiki mbili, mna 1.5 mara 2, yaani 3. Yakikaa 29.8 haihesabiwi, kwa kuwa ziada haijafika nyuzi 1. Jumla ikifika 4, tegemeeni kupauka kwa wazi; ikifika 8, tegemeeni kupauka kukali na vifo. Kwa hiyo jumla ikifika 3 msingoje: pelekeni watu wakapige picha za mwamba ukiwa bado mzima, kwa sababu bila picha za kabla, za baada hazina cha kulinganishwa nacho.

Kinasa-joto kiwekwe kwenye kina cha matumbawe yenyewe, kikiandika kila dakika 30, na kifungwe chini ya kivuli au ndani ya bomba jeupe lenye matundu. Kwenye maji ya kina kifupi, kinasa-joto kilicho wazi hupashwa na jua moja kwa moja na adhuhuri husoma joto ambalo maji hayana. Kabla ya kukizamisha na baada ya kukitoa, kitumbukize kwenye ndoo ya barafu iliyosagwa na maji, vyote vya baridi na visivyo na chumvi, ukoroge. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 0.6 mwanzoni na mwishoni, punguza 0.6 kwenye data yote. Kikisoma 0 mwanzoni na 0.6 mwishoni, kimeteleza njiani, na miezi ya mwisho haiaminiki.

*Diski ya Secchi tunayoishusha kupima uwazi wa maji inaonekana mpaka chini. Niandike nini?*

Andika "zaidi ya mita 3", au kina chochote ulichopo, usiandike "3". Hili kosa dogo limeharibu kumbukumbu nyingi: kina cha sakafu kimegeuzwa kuwa usafi wa maji.

Diski hiyo, iliyojaribiwa na Angelo Secchi mwaka 1865, huwa nyeupe na yenye kipenyo cha sentimita 30 kwa kazi za baharini. Ishushe upande wa kivuli wa chombo, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, bila miwani ya jua. Soma kina inapopotea, ivute, soma inapotokea tena, uchukue wastani. Mkondo ukiilaza kamba kwa nyuzi 30, mita 10 za kamba ni mita 8.7 tu za kina, hivyo ongeza uzito chini. Kamba ipimwe upya kila baada ya miezi michache, kwani hurefuka.

Kwa wenye nyasi bahari, namba hii ina faida ya pekee. Gawanya 1.7 kwa kina cha Secchi upate kiasi mwanga unavyopungua kwa kila mita. Secchi ikiwa mita 4 unapata 0.425. Nyasi bahari huhitaji kwa wastani kama asilimia 11 ya mwanga wa juu, na kwa 0.425 kiwango hicho kinafikiwa kwenye mita 5.2 hivi. Nyasi zilizo chini ya hapo zina njaa ya mwanga. Hayo ni makadirio. Kwenye maji ya tope ile 1.7 huwa ndogo zaidi.

*Tunashuku maji taka yanaingia ufukweni. Tulipima mara moja tukapata 20, wiki iliyofuata 1,000. Kipimo kimeharibika?*

Si lazima. Bakteria hawatawanyiki sawasawa, na mvua, saa na jua hubadilisha hesabu kwa kasi. Baharini pimeni enterokoki, bakteria wa kinyesi, kwa sababu huvumilia chumvi kuliko wenzao wa E. koli. Mchukuaji asimame kwenye maji ya kiunoni, aelekee unakotoka mkondo ili tope lake liende nyuma, ashushe chupa safi iliyotakaswa ikiwa imefungwa mpaka sentimita 30, aifungue huko huko, aifunge huko huko. Asiisuuze. Aache nafasi kidogo ya hewa, aitie kwenye barafu gizani, ifike maabara ndani ya saa 6. Chupa iliyokaa juani kwenye mashua itawaletea habari njema za uongo, kwa kuwa jua huua bakteria.

Sampuli moja haitoshi. Chukueni angalau tano ndani ya siku 30, saa ileile ya asubuhi, na mwandike kama mvua imenyesha saa 48 zilizotangulia. Kisha tumieni wastani wa kijiometri: zidisheni namba zote tano, mtafute kipeuo cha tano cha jibu. Kwa 10, 20, 20, 40 na 1,000, wastani wa kawaida ni 218, ukiwa umeburutwa na namba moja. Wa kijiometri ni karibu 44. Vigezo vya Marekani vya mwaka 2012 vinaweka 35 kwa mililita 100 kwa wastani huo, na 130 kama kiwango kisichotakiwa kupitwa na zaidi ya asilimia 10 ya sampuli. Kwa mfano huo, ufuo umeshindwa, kwa kuwa 44 imezidi 35, na ile 1,000 ndiyo ya kufuatwa: rudini siku ya mvua, mchukue sampuli kila mita 50 kuelekea kwenye kila mfereji unaomwaga baharini, mpaka namba zipande.

Kama mna kipima oksijeni, kichukueni pia siku hiyo, lakini kabla ya jua kuchomoza, wakati oksijeni iko chini kabisa. Adhuhuri juu ya nyasi bahari husoma juu hata pale usiku samaki wanapohema kwa shida. Na wekeni chumvi ya kweli kwenye mashine: kwa maji ya nyuzi 28, oksijeni iliyojaa ni karibu miligramu 7.8 kwa lita kwenye maji yasiyo na chumvi na karibu 6.4 kwenye maji ya bahari. Mashine iliyoachwa kwenye sifuri ya chumvi itawazidishia miligramu kwa karibu asilimia 20.